Play Station yenye nafasi katikati: kisa cha mashine ambayo Nintendo na Sony hawakuiuza

Mwanzoni mwa Juni 1991, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini Chicago, Sony walitangaza mashine ya gemu waliyoipa jina la Play Station. Maneno mawili, yenye nafasi katikati. Juu ilikuwa na tundu la kaseti za Super Famicom ya Nintendo, mbele ilikuwa na trei ya CD. Kesho yake asubuhi Nintendo nao wakapanda jukwaani. Waliojaa ukumbini walitarajia kusikia posa ikikamilishwa. Wakamsikia Howard Lincoln, mwanasheria na mkubwa wa Nintendo ya Marekani, akitangaza kwamba mwenzao katika mambo ya CD ni Philips ya Uholanzi, kampuni ileile iliyobuni CD pamoja na Sony na ambayo sasa ilikuwa mshindani wao.

Miaka mitatu na nusu baadaye, tarehe 3 Desemba 1994, Sony wakaanza kuuza PlayStation. Neno moja, bila tundu la kaseti. Ilikuja kuuzwa zaidi ya milioni 102, mashine ya kwanza ya gemu ya kuwekwa sebuleni kuvuka milioni 100. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo wapenzi wa gemu hawachoki nalo: ingekuwaje kama Nintendo wasingewageuka Sony?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni tamu. Nintendo wenye Mario na Zelda, Sony wenye CD na viwanda, mashine moja, dunia yote chini yao. Nimelizungusha swali hili kichwani kwa miaka mingi na siliamini jibu hilo. Naona tunaitazama siku isiyo yenyewe. Chicago ilikuwa siku ya mazishi, ugonjwa uliingia 1988 kwenye mkataba wa kampuni hizo mbili. Ukiurudishia mkataba ule uhai, ukauacha ufanye kazi kama ulivyoandikwa, haukupi mashine kubwa kuliko zote. Unakupa kiambatisho dhaifu, ambacho mmoja wa wenye nacho ana kila sababu ya kukiua taratibu.

Tuanze na kilichotokea kweli.

Ken Kutaragi alikuwa mhandisi wa Sony. Alimwona binti yake akicheza Famicom, mashine ya Nintendo iliyoitangulia Super Famicom, na kilichomkera kilikuwa sauti: milio mikavu, kama saa ya mezani. Akaamini anaweza kutengeneza kitu bora. Akaunda chipu ya sauti, SPC700, ambayo iliingia ndani ya Super Famicom iliyotoka Japani tarehe 21 Novemba 1990 kwa yeni 25,000. Kazi hiyo aliianza kimyakimya, na wakubwa wake wengi walipoijua walikasirika. Ndani ya Sony gemu zilihesabiwa vitu vya watoto, na kampuni ya Walkman na televisheni za Trinitron haikutaka kuonekana kwenye rafu moja na vinyago. Aliyemkinga ni rais wa kampuni, Norio Ohga. Kila anayekumbuka muziki wa Super Famicom, zile ngoma na filimbi zilizosikika kama ala za kweli, alikuwa anasikiliza kazi ya Sony ndani ya boksi la Nintendo.

Chipu hiyo ikawafanya wazoeane, na mwaka 1988 wakawekeana mkataba. Sony wangetengeneza kisomeo cha CD cha kuunganishwa na Super Famicom. Sony hao hao wangeruhusiwa pia kuuza mashine yao wenyewe, yenye jina lao, inayokubali kaseti na CD. Na hapa ndipo penye kiini cha kisa kizima: CD hizo, zilizoitwa Super Disc, zingekuwa mali ya Sony. Kampuni inayotaka kutoa gemu kwenye CD ingeomba leseni kwa Sony, na ada ingelipwa Sony.

Ili kuujua uzito wa kifungu hicho, lazima ujue Nintendo walikula wapi. Gemu zao wenyewe ziliwalipa, ndiyo. Lakini pia kila kampuni ya nje iliyotaka kutoa gemu kwa mashine zao ilipaswa kuwaagiza Nintendo watengeneze kaseti, kwa idadi isiyopungua kiwango fulani, na kulipa mapema kabla haijajua kama gemu itapendwa. Kwenye mashine za Marekani waliweka na chipu ya kufuli ili kaseti isiyo na baraka zao isiwake, na kila kampuni ikawekewa mpaka wa gemu 5 kwa mwaka. Kwa hiyo kaseti kwa Nintendo ilikuwa lango la mji, na ushuru ulikusanywa langoni. Mkataba wa 1988 ulifungua lango la pili na kumkabidhi ufunguo mgeni.

Hiroshi Yamauchi aliiongoza Nintendo tangu 1949, enzi ambazo kampuni ilikuwa inatengeneza karata za hanafuda. Hakuwa mtu wa kugawana lango. Alipoutazama upya mkataba, akamtuma mkwewe Minoru Arakawa pamoja na Lincoln kwenda Philips kutafuta makubaliano mengine, na Sony hawakuambiwa. Ndivyo tulivyofika Chicago.

Sasa tubadilishe. Nimejiwekea masharti mawili. La kwanza, nabadilisha jambo moja tu, kisha kila mtu nambakiza na tabia yake, hofu yake na njia yake ya kupata fedha. La pili, pale ninapokisia, nakisia kwa kumtazama jirani aliyefanya jambo kama hilo kweli. Bila masharti hayo historia mbadala inageuka ndoto ya mchana, na kila mtu anaota anachokipenda.

Tuseme basi asubuhi ile Lincoln anapanda jukwaani, anaupokea mkono wa Sony, mkataba unabaki kama ulivyo, na Play Station inaingia madukani.

Ndani yake kuna nini? Hapa hatuhitaji kubahatisha sana, maana mashine ipo. Inasemekana zilitengenezwa kama 200 za majaribio, na moja ilijitokeza hadharani mwaka 2015. Mafundi waliihangaikia mpaka ikawaka, na baadaye hata kisomeo cha CD kikakubali kufanya kazi. Machi 2020 iliuzwa kwenye mnada huko Marekani kwa dola 360,000. Ukiifungua, unakuta Super Famicom. Prosesa ileile ya biti 16 isiyovuka megahezi 3.58, memori kuu ileile ya kilobaiti 128, na nyongeza ndogo ya memori kwenye kaseti maalumu ya kuendeshea CD. Hakuna ubongo wa pili.

Nalikazia jambo hili kwa sababu ndilo linalosahaulika. CD inabeba megabaiti 650 hivi, wakati kaseti kubwa kabisa za Super Famicom zilifika megabaiti 6. Mtu akisikia hivyo anadhani gemu zingekuwa kubwa mara mia. Lakini ukubwa wa CD ni ukubwa wa ghala. Anayepika bado ni yuleyule mwenye sufuria moja, na kila kiungo kinatoka ghalani polepole, kwa mkokoteni. Kaseti haikuwa hivyo: prosesa iliisoma papo hapo, kama kitu kilicho mezani. Zaidi ya hapo, kaseti ingeweza kubebeshwa chipu ya kuisaidia mashine. Nintendo walifanya hivyo Februari 1993 na Star Fox, gemu ya vyombo vya angani iliyokuja na chipu ya Super FX ndani ya kaseti yake, na Super Famicom ikachora maumbo ya pande tatu ambayo peke yake isingeyaweza. CD haina mahali pa kubebea chipu. Unaponunua CD unanunua sahani ya plastiki.

Jirani wa kutazama ni Sega, mpinzani wa Nintendo. Mega-CD yao, kiambatisho cha CD cha mashine yao ya Mega Drive, iliyotoka Japani Desemba 1991, ilikuwa na prosesa yake ya ziada na uwezo wa kukuza na kuzungusha picha. Yaani kwa nguvu iliipita ile mashine ya majaribio ya Sony. Pamoja na hayo ziliuzwa kama milioni 2.2 tu, huku Mega Drive yenyewe ikivuka milioni 30. Watu hawakuona sababu ya kununua mashine ya pili kwa ajili ya muziki mzuri na vipande vya video vyenye chengachenga. Sioni ni kwa nini wangeiona kwa Play Station ya 1992.

Mtu atanijibu: lakini Nintendo wangeleta Zelda na Mario kwenye CD. Hapo ndipo mkataba unapojichimbia kaburi. Jiweke kwenye kiti cha Yamauchi. Kila gemu nzuri unayoiweka kwenye kaseti, lango ni lako. Kila gemu nzuri unayoiweka kwenye CD, unamjengea nyumba jirani na unawafundisha wateja wako njia ya kwenda kwake. Utamwambia Shigeru Miyamoto, mbunifu wako wa Mario na Zelda, atumie mwaka mzima kutengeneza gemu ya CD? Mimi nisingemwambia, na nina hakika Yamauchi asingemwambia. Gemu kubwa za Nintendo zingebaki kwenye kaseti, ndani ya kaseti zingewekwa chipu, na trei ya CD ingekaa wazi ikisubiri.

Tena Nintendo walikuwa wamekwisha kulipitia jambo hili. Mwaka 1986 walitoa Famicom Disk System, kiambatisho cha diski laini kilichouzwa Japani pekee. Wazo lilikuwa zuri: diski za bei nafuu, na ukichoka na gemu unaipeleka dukani inaandikwa nyingine juu yake kwa yeni 500. Kiliuzwa zaidi ya milioni 4. Lakini diski zilinakiliwa ovyo, kaseti zikakua haraka hadi zikazipita kwa ukubwa, na Nintendo wenyewe wakakiacha kife. Kama walikiacha kiambatisho ambacho faida yake yote ilikuwa yao, wangekitunza kile ambacho faida yake ni ya Sony?

Ambao wangehamia kwenye CD kwa moyo wote ni kampuni za nje, hasa Square. Secret of Mana, iliyotoka Agosti 1993, ilianza ikiandaliwa kwa ajili ya hiyo CD. Mpango ulipokufa, waandaaji wakalazimika kukata sehemu kubwa ya gemu ili iingie kwenye kaseti. Kwenye historia yetu mbadala tungeipata nzima, na kusema kweli hilo ndilo jambo moja ninaloionea wivu historia hiyo. Lakini liangalie kwa jicho la Yamauchi: Square inatoka langoni kwake mchana kweupe. Angefanya nini? Angeharakisha mashine mpya isiyoguswa na mkataba wa Super Famicom, na Sony wangebaki wameshika leseni ya CD ya mashine inayozeeka. Talaka ingekuja tu. Ingechelewa hadi 1993 au 1994, na ingewakuta Sony hawajajiandaa.

Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote.

Kwenye historia iliyotokea, tarehe 24 Juni 1992 Sony walikutana kuamua kama waachane kabisa na biashara ya gemu. Wengi mezani walitaka waachane. Kutaragi akasimama, akafichua kwamba amekuwa akiandaa mfumo wake mwenyewe wa CD wenye picha za pande tatu, na akamgusa Ohga palepale palipouma: je, baada ya tuliyofanyiwa na Nintendo, tunyamaze? Ohga aliyekuwa bado na hasira akampa ruhusa. Kisha, ili wapinzani wa ndani wasimmalize, Kutaragi na watu wake wakahamishiwa kwenye ofisi za Sony Music, na tarehe 16 Novemba 1993 ikazaliwa Sony Computer Entertainment.

Sasa iondoe ile asubuhi ya Chicago. Hakuna tusi. Ohga hana sababu ya kupiga meza. Sony wana mashine inayouzwa kidogokidogo, mshirika anayewapa gemu za pili kwa ubora, na kundi la wakubwa linalosema tuliwaambia. Kutaragi bado angekuwa na mawazo yake. Alikuwa ameiona System G, mtambo wa Sony wa kuchora picha za pande tatu papo kwa papo kwa ajili ya vituo vya televisheni, na alikuwa ameshaota kuushusha hadi sebuleni. Ila ndoto ndani ya kampuni kubwa huhitaji mtu wa juu aliye tayari kugombana kwa ajili yake, na Ohga wa historia mbadala angekuwa anagombania nini? Kulinda ushirika na Nintendo. Mtu akipendekeza mashine mpya ya kushindana na mshirika, angeambiwa akae.

Kwa hiyo naamini hivi, na nimekwisha kubishana na wengi juu yake: kama Nintendo wangeheshimu mkataba, huenda PlayStation tuliyoijua isingezaliwa kabisa.

Na tusidhani CD peke yake ingefanya kazi ile. PlayStation haikushinda kwa CD, kwa sababu CD walikuwa nayo Sega, 3DO, Philips na NEC pia. Prosesa yake ya megahezi 33 ilikuwa na kisaidizi cha hesabu za pande tatu, na muundo wake ulikuwa mwepesi kueleweka kwa waandika programu. Saturn ya Sega, iliyotoka Japani siku chache kabla yake, Novemba 1994, ilikuwa na prosesa kuu mbili zilizowatoa watu jasho. Namco, waliokuwa na kinyongo chao na Nintendo, walikuja na Ridge Racer, gemu ya mbio za magari, siku ya kwanza kabisa. Na watu wa Sony Music walileta maarifa ya kuuza muziki: chapa CD chache, tazama soko, zikiisha chapa nyingine ndani ya siku chache. Mwenye kaseti aliagiza miezi kabla na kuomba Mungu. Akiagiza nyingi anabaki na shehena ghalani, akiagiza chache wateja wanaondoka. Kwa kampuni ndogo tofauti hiyo ilikuwa uhai au kufilisika. Halafu bei. Mei 1995 huko Los Angeles, Sega walitangaza Saturn kwa dola 399, na siku hiyohiyo Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akataja namba moja, 299, akashuka.

Hivyo vyote vilikaa pamoja kwa sababu Sony walikuwa wamefukuzwa wakaenda kujenga kwao.

Bila wao, miaka ya 1995 na 1996 ingekuwaje? Saturn ingebaki na uwanja mpana zaidi, hasa Japani. Kampuni za nje zilizochoka na lango la Nintendo zingekimbilia kwa Sega, si kwa mapenzi, ila kwa kuwa hakuna kwingine. Nintendo 64, iliyotoka Juni 1996 na kaseti zake za megabaiti 4 hadi 64, nadhani ingetoka vilevile na kaseti vilevile. Watu humlaumu Yamauchi kwa kung'ang'ania kaseti hadi akampoteza Square, ambaye Januari 1997 alitoa Final Fantasy VII kwenye PlayStation kwa CD 3. Lakini Yamauchi aliyevumilia miaka miwili ya kuona ada za CD zikienda Sony angeichukia CD mara mbili zaidi. N64 iliuzwa karibu milioni 33. Kwenye historia mbadala labda ingepanda zaidi ya hapo, kwa kuwa mpinzani ni mmoja na ni dhaifu, lakini idadi siithubutu.

Kuna matawi mengine mawili, nayapita haraka. Moja ni kwamba mkataba ungerekebishwa badala ya kuvunjwa. Hili lilikaribia kutokea: mwaka 1992 pande mbili zilirudi mezani, wakakubaliana kwamba mashine ya Sony ibaki na tundu la kaseti, ila haki na sehemu kubwa ya faida ya gemu ziende Nintendo. Kulikuwa hata na mpango wa kuongeza prosesa ya biti 32. Mwanzoni mwa 1993 Sony wakaona hakuna cha maana wanachobaki nacho, wakageukia mashine yao. Ni haki yao. Kwa masharti yale wangekuwa fundi wa kuunda visomeo, basi. Philips waliokuwa wamechaguliwa Chicago hawakuunda kiambatisho chochote kilichouzwa. Walichopata ni ruhusa ya kutumia wahusika wa Nintendo kwenye mashine yao ya CD-i, wakatoa gemu za Zelda ambazo hadi leo mashabiki wanazitaja kwa huzuni.

Tawi la pili ni Sega. Tom Kalinske, aliyeongoza Sega ya Marekani wakati huo, amesimulia kwamba yeye na wenzake wa Sony walifikiria mashine ya pamoja, na wakubwa wa Sega Japani wakalikataa wazo wakisema Sony hawajui gemu. Hilo lingenivutia kuliko ndoa ya Nintendo na Sony, kwa kuwa Sega hawakuwa na lango la kulinda kwa wivu kama ule. Lakini ni kisa kingine, kinastahili nafasi yake.

Nije nyumbani, kwa sababu swali hili halikunianza kwenye magazeti ya Kijapani. Lilinianza kwenye kibanda cha gemu.

Gemu za kwanza mtaani kwetu zilikuwa za kaseti: mashine za kuiga Famicom, na kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999 kwa moja, ambayo ukihesabu vizuri gemu ni chache zinazojirudia kwa majina tofauti. Nintendo 64 sikuwahi kuiona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Kilichofuata ni PlayStation, kisha PlayStation 2, televisheni nne au tano zimepangwa kwenye benchi, bati juu, joto chini, unalipia mechi au dakika, na anayefungwa anaachia pedi. Winning Eleven, gemu ya mpira wa miguu, asubuhi hadi usiku. CD zilikuwa za kuchomwa, kwenye mfuko wa nailoni na jalada la fotokopi, na mashine zilikuwa zimewekwa chipu ili zizikubali. Sisifii wizi wa kazi za watu. Ninaeleza njia ambayo gemu ziliingia Afrika Mashariki. Mwenye kibanda hakuwa na uwezo wa kununua diski halisi kumi kwa bei za Ulaya. CD ilikuwa kitu ambacho kompyuta yoyote yenye kichomeo ingekitoa, na mashine za mitumba zilikuwa nyingi kwa sababu zilikuwa zimetengenezwa nyingi.

Kwa hiyo nikiiondoa PlayStation, naondoa na kibanda kile kama nilivyokijua. Kingekuja kitu kingine, bila shaka. Saturn nayo ilikuwa ya CD, ila ilikuwa ngumu zaidi kuidanganya na ilitengenezwa kwa idadi ndogo zaidi, kwa hiyo mitumba yake ingekuwa adimu. Pengine tungebaki na kaseti zile za njano miaka mitano zaidi, kisha tungerukia kompyuta. Mpira wa pedi, ule uliotufanya tujue majina ya wachezaji wa akiba wa timu za Italia, ungechelewa kufika au usingefika kwa sura ile.

Na bado, ile mashine iliyokufa haikufa yote. Pedi iliyokuja na Play Station ya majaribio ilikuwa pedi ya Super Famicom yenye jina la Sony juu yake: vitufe vinne vya kulia vimepangwa kama almasi, na viwili juu mabegani, L na R, ambavyo Super Famicom ndiyo iliyovileta. Sony walipoanza upya, mbunifu wao Teiyu Goto aliibadilisha pedi, akaipa mikono ya kushika na badala ya herufi akaweka alama: pembetatu, duara, eksi na mraba. Ila mpangilio ule wa almasi aliuacha palepale, na vya mabegani akavizidisha vikawa vinne. Kwenye Winning Eleven tulipiga pasi kwa eksi, tukapiga goli kwa mraba, na aliyetaka kukimbia na mpira alikandamiza R1 kwa kidole cha shahada mpaka kikauma, kwenye kitufe kilichoanzia kwenye pedi ya Nintendo.